Zana ya Kusafisha Daftari la Makaburi

3 Februari

Mwanangu wa kompyuta,

Huku tu wazima, na kama nawe u mzima basi nusu ya maombi yangu yamejibiwa. Baba yako mdogo amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali. Jana kanionyesha buibui jikoni kana kwamba nimemfuga mimi. Goti langu la kulia bado linanisumbua. Mdogo wako amehamia nyumba yenye ngazi nyingi mno, kwa hiyo sijamtembelea na sina mpango huo. Tena usinigombeze kwa nini naandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu nakuwa mkali, nakata. Kwenye karatasi angalau namaliza ninachosema.

Sasa ya kazini. Ule mfumo wenu ulianza kufanya kazi Januari, na nimejigamba ofisi nzima kwamba mtoto wa marehemu dada yangu ndiye aliyetuletea. Miaka ishirini na sita naandika makaburi ya mji huu, mara kwenye madaftari makubwa, mara kwenye ile kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiunguruma. Leo eti kuna wakala, akili mnemba, anayefanya kazi bila kushikwa mkono. Anapanga daftari, anajibu maombi, haombi ruhusa ya kwenda kliniki. Mkuu wetu anampenda kuliko sisi wote.

Ila kuna jambo. Jumanne alikuja mwalimu mstaafu, amesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alipata kiharusi, miaka mitatu hajatoka nyumbani, na kitu cha kwanza alichotaka ni kwenda kumwona mkewe. Akaomba nambari ya kaburi. Nikaandika jina la mke kwenye mashine: hakuna. Nikaandika tena, pole pole: hakuna. Nikamwambia huenda alizikwa kule makaburi ya upande wa pili. Loo, alivyonitazama! “Mama, mimi nisijue nilikomzika mke wangu?” Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nilidhani ni huyo mmoja. Wamekuja wengine watatu. Mashine inaniandikia tu kwamba daftari limesafishwa. Hebu nieleze, wewe mwenye akili za huko: limesafishwa maana yake nini? Mimi nikisafisha nyumba, watu wa nyumbani hubaki.

Kula vizuri. Sauti yako ya mwisho kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeshindia biskuti.

Mama yako mdogo


21 Februari

Shikamoo Mama mdogo,

Mimi sijambo, nakula, na si biskuti. Msalimie Baba mdogo, mwambie avue miwani akiingia jikoni, amani itarudi. Nimepandishwa cheo kidogo: sasa nina meza karibu na dirisha, na dirisha linatazama ukuta.

Barua yako ilinifikia jana nikiwa nimesimama kwenye lifti. Nilikuwa nimefika pale pa mwalimu na mkewe. Watu walishuka wote, mimi nikabaki ndani, nikapanda tena mpaka juu kabisa bila kujua. Nilikupigia mara sita. Hukupokea hata moja, na ofisini kwenu simu inaita tu.

Nisikilize vizuri. Wakala tumemsimamisha jana hiyo hiyo. Lakini tafadhali msigawe nafasi yoyote mpya ya kuzikia ambayo mashine inaonyesha iko wazi. Hata moja. Mwambie na mkuu wako, na kama hataki kusikia, ficha mhuri.

Ndani ya mfumo kuna zana ya kufuta kumbukumbu. Wakala aliitumia mwezi wa kwanza, akafuta kumbukumbu za makaburi mia mbili na kumi na mawili. Zilikuwa na alama kwamba kwa miaka miwili hakuna mgeni aliyeandikwa getini. Akishafuta, nafasi inaonekana wazi, kama haijawahi kuzikwa mtu. Na nakala za akiba huondoka pamoja nazo. Ndivyo zana ilivyotengenezwa. Maelezo aliyopewa wakala kuhusu zana hiyo yaliandikwa vibaya. Yaliandikwa kwa haraka, na hayakusema inafuta moja kwa moja. Hapa ofisini kila mtu amepigwa na butwaa.

Mama yuko nambari ngapi? Najua unakwenda kwake kila mchana. Niandikie nambari yake, nitafute kwenye orodha ya zilizofutwa. Orodha niliyo nayo ina nambari tu, haina jina hata moja.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mdogo hajambo, amevunja miwani. Jirani wa ng'ambo kapaka ukuta wake rangi ya chungwa, sasa sebule yetu nayo ni ya chungwa kila asubuhi. Goti lile lile.

Barua yako ilifika siku nane zilizopita. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Mkuu aliketi bila kuangalia kiti, bahati nzuri kilikuwepo. Mia mbili na kumi na wawili! Mungu wangu, huo ni mtaa mzima wa watu. Ningeambiwa moto umeunguza ofisi ningeelewa, moto nimeuona. Lakini watu kufutwa kimya kimya, taa zinawaka, sisi tunakunywa chai pembeni?

Kuna habari za kile kitabu cha wageni cha getini. Hukuniuliza, lakini nakueleza, maana wenzako walioandika huo upuuzi hawajui lolote. Anayeandikwa getini ni yule anayepita getini na mlinzi akiwa macho. Wengine huingia kupitia ule uwazi wa ukuta nyuma. Wengine ni wagonjwa, wengine wako mbali kama wewe. Na sisi wafanyakazi hatuandikwi kabisa, tunaingia na kutoka kama kuku. Kwa hiyo kaburi lisilo na mgeni kitabuni si kaburi lisilo na mwenyewe. Hilo ningemwambia yeyote kwa dakika moja, kama kuna mtu angeniuliza.

Madaftari ya karatasi yanaishia miaka kumi na mitatu nyuma, kwa hiyo waliozikwa kabla ya hapo tumewarudisha. Waliobaki nawatafuta kwa miguu. Tumebandika tangazo getini, watu wanakuja, wanatuonyesha, naandika kwa kalamu. Mke wa mwalimu tumempata. Mwalimu alilia, mimi nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

Kabla barua yako haijafika, nafasi tatu zilikuwa zimeshagawiwa. Mbili tumeziwahi, hazikuwa zimechimbwa.

Lakini nina neno na wewe. “Yaliandikwa kwa haraka.” “Yaliandikwa vibaya.” Yaliandikwa na nani? Yalidondoka kutoka mawinguni? Mimi nimekulea tangu una miaka kumi na minne, najua unavyosema ukiwa umevunja kitu. Hata ile birika, uliniambia imevunjika, kana kwamba ilijirusha yenyewe.

Funga koti, huko baridi.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Shikamoo Mama mdogo,

Natumaini goti limepoa. Mimi sina habari za kuchekesha leo.

Niliandika mimi.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Zana ilikuwepo tangu zamani, tukiitumia wenyewe hapa ndani, na kila mmoja wetu alijua ni kali. Jina lake kwetu ni “safisha”, na tulikuwa tunataniana: usiiguse kabla ya kunywa kahawa. Kisha ikaamuliwa mawakala nao waitumie. Wakala hajui tunachotaniana. Anajua kile tu kilichoandikwa kwenye maelezo ya zana, basi. Nikaambiwa niandike maelezo. Niliandika sentensi moja: “Husafisha daftari kwa kuondoa kumbukumbu zisizotumika.” Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua viatu.

Sikuandika kwamba kilichofutwa hakirudi. Sikuandika kwamba nakala za akiba nazo zinaondoka. Sikuandika “zisizotumika” ni zipi, wala kwamba kwanza aulizwe mtu. Nilijua yote hayo, Mama mdogo. Ndiyo maana sikuyaandika, niliona yako wazi.

Kila wakala huacha shajara ya kazi, anaeleza alichofanya na sababu yake. Juzi nilipata ujasiri wa kuifungua. Nilitegemea nikute kosa lake, niseme mashine imerukwa na akili. Nikakuta hivi: “Nimeombwa kupanga daftari. Maelezo ya zana yanasema husafisha kwa kuondoa kumbukumbu zisizotumika. Hayana onyo. Kumbukumbu 212 hazina mgeni kwa miaka miwili. Nimetumia zana.” Sentensi yangu, neno kwa neno, amenisomea mwenyewe. Nilikaa pale mpaka mfagiaji akaniuliza kama naumwa.

Nimemwambia bosi wangu kwamba ni mimi. Hakunifukuza, amenipa kazi ya kuandika maelezo upya. Kwa sasa ni haya:

“Zana hii inafuta kabisa. Haipangi wala haifichi. Kilichofutwa hakirudi, na nakala zake za akiba hufutwa pia. Kukosa mgeni si ushahidi kwamba kumbukumbu haihitajiki. Kabla ya kuitumia, mwonyeshe mtu orodha na usubiri akubali. Kama kuna shaka yoyote, usiitumie.”

Tafadhali yasome kama mtu asiyejua chochote, kisha uniambie wapi nimekosea. Hapa wote tunajua mno, hatuoni.

Na sasa mimi nina neno na wewe. Nafasi tatu ziligawiwa, mbili mmeziwahi. Ya tatu je? Umeniandikia karatasi tatu, umenipa rangi ya ukuta wa jirani, lakini nambari ya mama hukunipa. Nakuomba, usinizungushe. Mama yuko wapi?

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Leo sina salamu ndefu. Baba yako mdogo yuko hapa sebuleni, amekaa kimya kwa hiari yake, na hilo likupe picha.

Ya tatu ni ya mama yako.

Sikukupa nambari kwa aibu, maana mpaka Februari sikuijua. Cheka ukitaka. Mimi, karani wa makaburi, naweza kukutajia nambari ya kaburi la mtu yeyote aliyewahi kunisumbua, lakini ya dada yangu mwenyewe sikuwahi kuihitaji. Natoka mlango wa nyuma wa ofisi, nashuka njia ya kokoto, napita bomba la maji, nahesabu vipande sita vya nyasi kwenye mstari, kila kimoja kaburi, nakaa. Kule hakuna mawe, ni nyasi tu ili mashine ya kukatia ipite, na kibati cha nambari kimezama ardhini. Miaka kumi na moja nimekaa pembeni ya kile kibati nikila mkate wangu, na sijawahi hata mara moja kukipangusa.

Tarehe tisa Februari ililetwa maiti ya fundi cherehani wa karibu na stendi, yule mzee aliyekuwa akishona sare za shule. Mashine ikatoa nafasi: mia nne na kumi na nane. Nikaandika kibali, nikapiga mhuri, huo huo mhuri ulioniambia baadaye niufiche. Ilikuwa ni nambari tu.

Siku ile watu walikuwa wengi, sikutoka kula. Kesho yake nikatoka na mkate wangu, kokoto, bomba, nyasi sita. Nikakuta udongo mbichi. Nilisimama nikadhani nimekosea hesabu. Nikarudi mpaka bombani, nikahesabu upya, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Udongo ukawa pale pale. Mkate ulinitoka mkononi. Nikainama nikakifuta kibati kwa kiganja, nikasoma: mia nne na kumi na nane. Ndipo nikakumbuka mwandiko uliokuwa kwenye kibali.

Kwa hiyo nilipokuandikia mwezi wa tatu nikikubana kuhusu birika, nilikuwa nayajua haya kwa mwezi mzima. Nilikuwa nakuchapa wewe ili nisijichape. Nisamehe.

Mama yako yupo. Hakutolewa. Mchimbaji alipogusa ubao wa kaburi lake aliufunika tena, akasogea upande, akamchimbia mzee pembeni, wamekaribiana sana. Wiki iliyopita nilikwenda kwa binti wa yule fundi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alishika kichwa. Kisha akasema baba yake asifukuliwe tena, amechoka, na kama mama yako hana neno basi wakae wote wawili. Nikamwambia dada yangu alikuwa mtu wa watu, hatanuna. Kwenye daftari sasa nambari hiyo ina majina mawili, nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu na kwa mashine.

Sasa maelezo yako. Nimeyasoma mara nne. Ni mazuri, lakini bado una haraka.

Umesema “mwonyeshe mtu orodha”. Mtu yupi? Mkuu wetu naye ni mtu, na kabla ya chai ya saa nne hukubali kila kitu. Andika: amwonyeshe anayeijua kazi hiyo kwa macho yake. Umesema “orodha”. Orodha ya nini? Mimi nilipewa nambari, nikapitisha. Ningepewa jina la dada yangu ningepiga yowe mpaka ungelisikia huko uliko. Andika: majina, si nambari peke yake. Na lile jina la zana, “safisha”, litupe mbali. Kitu kinachofuta kiitwe kufuta. Kwa jina hilo hata mtu mwenye akili timamu angeishika zana hiyo bila hofu. Usimlaumu huyo wakala wenu kuliko inavyomstahili: alifanya alichoambiwa, na aliyemwambia hakumwambia yote.

Tena ongeza mstari wa mwisho, na huo usiuguse, uandike kama ulivyo: “Aliyeko pale akisema kuna mtu, simama, hata kama daftari linasema hakuna.”

Utauliza nimeutoa wapi. Nitakwambia, ingawa hata Baba yako mdogo nimemwambia asubuhi hii tu.

Yule mchimbaji ni mgeni, alihamishiwa kwetu wiki ile ile, hakuwahi kuniona nikikaa pale. Lakini alipogusa ubao hakuendelea. Aliacha koleo, akapanda njia yote mpaka ofisini, akasimama mlangoni kwangu, udongo umempanda hadi magotini, kofia mkononi. Akasema, “Mama, kule chini kuna mtu.”

Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu wanane. Sikuinua hata macho. Niliigeuza skrini upande wake, nikamgongea pale kwa kidole. “Soma. Nafasi iko wazi. Chimba.”

Hakuondoka mara moja. Aliniuliza kama nina hakika.

Nikamwambia ninayo.

Mama yako mdogo